Majina Tumetoa, Sasa Tutafute Sayari Wenyewe

Najua kurasa hizi zina kazi nyingi: viza, ada, kodi ya nyumba, na nani analeta unga wa ugali kwenye sherehe ijayo. Yote hayo yananihusu na mimi. Lakini leo naomba nafasi kidogo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tumekubaliana kimya kimya kwamba si letu, yaani kutafuta sayari kubwa zinazozunguka nyota za mbali. Hoja yangu ni kwamba ni letu pia, na kinachotukwamisha zaidi ni kutoanza.

Nianze na kueleza kazi yenyewe, maana wengi wakisikia habari ya nyota wanafikiria ramli. Nyota ziko mbali mno, na sayari haina mwanga wake. Huwezi kuielekezea darubini ukaiona hivi hivi. Waliokulia pwani au kando ya Ziwa Victoria wanazijua taa za karabai za wavuvi wa dagaa usiku. Ukisimama ufukweni, mdudu akikatiza mbele ya taa ile humwoni. Lakini kama una kipimo kizuri cha mwanga, na una subira ya kukiangalia usiku kucha, utaona taa imefifia kidogo halafu ikarudi kama mwanzo. Ikifififia tena kwa kiasi kile kile, baada ya muda ule ule, na tena, na tena, basi si bahati mbaya. Kuna kitu kinaizunguka. Muda kati ya kufifia na kufifia ndio mwaka wa sayari hiyo, na kiasi cha kufifia kinakuambia ukubwa wake.

Sasa angalieni hesabu, maana hapa ndipo penye utamu. Mushtari, sayari kubwa kuliko zote katika mfumo wetu, ina kipenyo cha kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha Jua. Ikipita mbele ya Jua inaziba kama sehemu moja ya mia ya uso wake. Asilimia 1. Dunia yetu ingeziba chini ya sehemu moja ya elfu kumi, na kuipima hiyo kunataka chombo cha angani. Lakini asilimia 1 inapimika kwa vifaa ambavyo watu binafsi wananunua. Mwaka 1999, sayari ya kwanza kuonekana ikipita mbele ya nyota yake, ile ya nyota HD 209458, ilipimwa na David Charbonneau, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu pale Harvard, kwa darubini yenye upana wa sentimita 10 tu. Sentimita kumi, jamani! Sahani ya chai ni kubwa kuliko hiyo.

Mtasema, hiyo ni Marekani. Haya, tuje hapa hapa London. Ukitoka Kilburn kuelekea kaskazini, bila kumaliza hata kilomita 10, unafika Mill Hill, ambako chuo cha UCL kina kituo chake cha kuangalia nyota, kando kabisa ya barabara kubwa ya Watford Way. Kipo tangu 1929. Malori yanapita, taa za mji zinawaka, na mawingu ya nchi hii mnayajua. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2009, mhadhiri Steve Fossey pamoja na Ingo Waldmann na David Kipping, ambao wakati huo walikuwa wanafunzi, walielekeza darubini mbili ndogo za aina wanazonunua wapenzi wa nyota kwenye nyota HD 80606, iliyo zaidi ya miaka ya nuru 200 kutoka kwetu.

Sayari ya nyota hiyo ilishajulikana tangu 2001, kwa sababu inaiyumbisha nyota yake. Ina uzito wa kama Mushtari wanne, na njia yake imerefuka kama yai lililovutwa: inakwenda mbali, halafu inarudi na kuikaribia nyota mno hadi joto lake linapanda kwa mamia ya digrii ndani ya saa chache. Mzunguko mmoja ni siku 111. Swali lililobaki lilikuwa moja: je, inapita mbele ya nyota yake tukiangalia kutoka huku? Usiku ule London ikajibu ndiyo. Walinasa nyota ikirudia mwanga wake wa kawaida, yaani mwisho wa mpito. Na usiku ule ule wenzao wa Ufaransa na Hispania nao waliipata. Miaka mitano baadaye, tarehe 21 Januari 2014, Fossey akiwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza pale pale Mill Hill, kwenye somo la mazoezi, wingu linakaribia kufunga, wakaona nyota iliyolipuka katika galaksi ya M82. Wanafunzi, siyo maprofesa wenye mvi.

Sasa tugeukie kwetu. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulitangaza majina mapya ya nyota na sayari yaliyopendekezwa na watu wa nchi mbalimbali. Nyota GJ 1214 ikapewa jina Orkaria, na sayari yake Enaiposha. Ni maneno ya Kimaasai, yaliyotoka Kenya. Orkaria ni rangi ya udongo mwekundu, kwa kuwa nyota yenyewe ni nyekundu. Enaiposha ni maji mengi yanayoyumba huku na huku, na ndilo neno lile lile lililotupa Naivasha. Ethiopia nayo, mwaka 2019, ilitoa majina ya kahawa: nyota Buna na sayari Abol. Nilifurahi sana, sitaki kudanganya. Nilituma ujumbe kwa kila mtu kwenye simu yangu.

Lakini baada ya furaha, tuulizane. Enaiposha iligunduliwa na nani? Iligunduliwa 2009 na kikundi cha yule yule Charbonneau, kwa darubini za sentimita 40 zilizoko Arizona. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Jina Kiswahili, bahari yetu, roketi ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Aliyeongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yaani zaidi ya nusu karne sasa tunaalikwa kumpa mtoto jina. Uchungu wamebeba wengine, na mtoto anarudi kwao. Kualikwa ni heshima, sikatai. Ila mtu anayealikwa kila mara kwenye kumpa mtoto jina, na yeye kwake hazai, majirani wataanza kusema.

Juzi kwenye kikao cha harusi hapa Kilburn niliyasema haya, mzee mmoja wa kutoka pwani akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, nyota hizo zitamwekea mama yako bomba la maji?" Watu wakacheka. Ni swali la haki, na mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi ana haki ya kuliuliza. Nilimjibu kwa adabu, na naliandika jibu hapa kwa kirefu zaidi.

Mzee wangu, utafiti wangu mimi ni wa mitambo. Nasikiliza mtetemo wa pampu na mota ili nijue beringi inaanza kuchoka kabla haijavunjika. Ishara ya beringi inayochoka ni mdundo mdogo sana, unaojirudia, uliozama ndani ya kelele kubwa. Ishara ya sayari inayopita mbele ya nyota ni hiyo hiyo: mdundo mdogo, unaojirudia, ndani ya kelele. Hesabu ni ndugu moja. Kijana aliyejifunza kuitoa sayari kwenye kelele ya mawingu, vumbi na joto la kamera, mpeleke kwenye mradi wa maji wa mjini, atakuambia pampu ipi itakufa mwezi ujao. Nchi haijengwi na bomba peke yake. Inahitaji na watu wanaojua kupima. Na kupima kunafundishwa kwa kupima kitu ambacho jibu lake hakuna anayelijua bado, siyo kwa kunakili jibu la nyuma ya kitabu.

Tena sisi tuna kitu ambacho hata London haina: mahali. Kutoka ikweta unaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Nyota HD 80606 iko kaskazini. Kituo cha Sutherland huko Afrika Kusini, ambako kamera za mradi wa WASP zilifanya kazi kubwa, kinaiona chini kabisa karibu na upeo. Nairobi inapanda hadi kama digrii 38. Nyota WASP-62, ambayo Waafrika Kusini waliiita Naledi, iko kusini mno, na London haionekani kabisa. Nairobi inaonekana. Orkaria yenyewe inapita karibu utosini. Usiku wetu ni wa kama saa 12 mwaka mzima, siyo huu wa Juni wa hapa ambao ukifumba jicho kumekucha. Na mpito mmoja wa ile sayari ya HD 80606 unachukua karibu saa 12. Juni 2009, ili kuufuatilia, ilibidi darubini nyingi za Marekani zipokezane. Kazi za namna hii zinataka mnyororo wa watu kuizunguka dunia, na upande wetu pete za mnyororo huo ni chache.

Masika yapo, mawingu yapo, umeme unakatika. Najua. Mill Hill nako kuna mawingu.

Na kazi ipo, haijaisha. Chombo cha TESS, kilichorushwa Aprili 2018, kimetoa maelfu ya nyota zinazoshukiwa kuwa na sayari. Lakini kamera zake zinaona kwa upana, hivyo nyota kadhaa zinachanganyika kwenye doa moja. Mara nyingi kinachofifia si nyota iliyoshukiwa bali jirani yake, pengine nyota mbili zinazozibana. Anayeweza kutenganisha ni mtu aliye chini, mwenye darubini ya sentimita 30 au 40, kamera nzuri na saa sahihi. Data ya TESS ni ya bure kwa kila mtu mwenye kompyuta na intaneti. Yule anayebeba boksi usiku na kusoma mchana anaweza kuichambua siku yake ya mapumziko.

Wapo waliokwisha kuanza, tusijifanye sisi ndio wa kwanza. Ethiopia ina kituo pale Entoto, juu ya Addis Ababa, chenye darubini mbili za mita 1. Kenya yupo Susan Murabana na Travelling Telescope, wanaozungusha darubini mashuleni ili mtoto aione Zohali na pete zake kwa macho yake mwenyewe. Hao wanahitaji mkono, na sisi tuko kwenye mji wenye vifaa na walimu.

Basi mapendekezo yangu kwa jumuiya yetu ni matatu. Kwanza, tuunde kikundi cha watu watano au sita, wa fani yoyote, tuchambue data ya TESS mara moja kwa wiki, na tushirikiane na wanafunzi wa fizikia wa chuo kimoja cha nyumbani, kila mmoja na mwenzake. Pili, tuombe kutembelea Mill Hill, tuone kwa macho jinsi sayari inavyonaswa kando ya barabara ya malori. Tatu, na hili litaniletea maneno: ile bajeti ya sherehe ya mwisho wa mwaka, tuipunguze theluthi moja kwa miaka mitatu, tununue darubini moja na kamera yake kwa ajili ya shule au chuo kitakachokubali kuitunza. Nyama choma itakuwepo. Itakuwa kidogo tu.

Na tusitume darubini peke yake. Mashine isiyo na fundi inageuka kabati, sote tumeziona. Tutume na mtu wa kukaa nayo wiki mbili, na tuendelee kuwasiliana baada ya hapo.

Babu zetu waliangalia Kilimia wakajua lini walime, na manahodha walivuka bahari kwa nyota bila kuomba ruhusa ya mtu. Anga halikuwahi kuwa la wageni kwetu. Enaiposha inaizunguka nyota yake kila baada ya saa 38 hivi. Kila inapopita mbele ya Orkaria usiku wa kwetu ukiwa mweupe, nyota yenye jina la Kimaasai inafifia juu ya Naivasha, na nataka siku moja awepo mtu pale chini anayeipima.

Naomba kutoa hoja.