Buku asibebeshwe makosa ya panga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya panya buku na uwanda wetu wa Makunduchi. Siku hizi kila wanapokutana wakulima barazani lawama ni moja: buku amemaliza muhogo, na buku huyo huyo amezuia miti isiote tena uwandani. La kwanza nalikubali. La pili silikubali.

Mimi nalima muhogo na mbaazi maweni, na hasara naijua. Buku hupita kilo 1 kwa uzito, ana vifuko ndani ya mashavu, na usiku kucha huhamisha chakula kutoka shambani hadi shimoni. Lakini wenzangu wamekimbilia sumu, wanaitia katika vipande vya nazi na kuvitupa ovyo. Kwa jirani yangu wamekufa kuku saba. Sumu nyingi za madukani huzuia damu isigande, na panya aliyeila hafi papo hapo. Huyumbayumba siku kadhaa mpaka akaliwa na bundi, ngawa au paka, nao wakadhurika. Hao ndio waliokuwa wakitupunguzia panya bila ya malipo.

Ama juu ya miti, katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, wataalamu walieleza mwaka 2011 kwamba buku wa huko huzifukia mbegu za mti mmoja mkubwa, ndugu wa mkomafi wetu wa mikokoni, na baadhi ya mbegu hizo huota. Marekani, mlima St. Helens ulipolipuka mwaka 1980, ardhi ilifunikwa na majivu na mawe ya volkano. Mwaka 1983 walipelekwa huko wanyama wachimbaji mfano wa fuko, kwa siku moja tu, wakafukua udongo wa chini, na miaka sita baadaye mimea ilikuwa imeshamiri pale walipochimba. Uwanda wetu ni jiwe tupu lenye vishimo vya udongo, sitarajii muujiza kama huo hapa. Nasema tu kwamba kuchimba shimo si kuua msitu.

Anayeua ni panga. Wazee walilima kipande miaka miwili mitatu, wakakiacha mpaka kichaka kikarudi. Sisi tunarudi miti haijafika bega, tunakata kuni za kupeleka mjini, na tanuu za chokaa nazo zinataka kuni. Pwani nako mahoteli yamechukua nafasi. Buku, kichaka chake kikiisha, aende wapi kama si kwenye muhogo wangu?

Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina wataalamu wa panya. Huko huko buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa. Mmoja, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Kwa hiyo nawaomba wahusika wa kilimo watuletee mtu atufundishe kutega. Buku huzaa watoto wachache kwa mara moja, si kama panya shamba wa Bara anayezaa kumi na zaidi, hivyo mitego iliyotegwa vizuri midomoni mwa mashimo, kabla ya muhogo kukomaa, itapunguza hasara. Na wenye sumu, nawasihi wasiitupe kandokando ya njia wanayopita watoto wa skuli.

Mkulima wa Maweni,
Makunduchi, Unguja.