Usawa si Kufanana

Zipo hadithi ambazo watungaji wake hubuni dola dhalimu ili wasomaji wajihadhari na udhalimu wa kweli. Mojawapo ni "Harrison Bergeron", iliyotungwa na Mmarekani Kurt Vonnegut mwaka 1961. Katika dola hiyo sheria yaamuru raia wote wawe sawa. Mwenye nguvu hutwikwa mizigo. Mzuri wa sura hufunikwa uso. Mwenye akili hutiwa sikioni chombo cha makelele asipate kuwaza. Hakuna aliyeinuliwa; walio juu wameshushwa tu.

Msomaji, usicheke ukadhani hizo ni ndoto za ng'ambo. Toka Kajiado, shika njia ya kusini hadi Namanga, uvuke mpaka. Huko Tanzania, mwaka 1968, serikali iliwalazimisha Wamasai waache mavazi yao ya ngozi na shuka, waache kujipaka ngeu, wavae suruali na magauni kama raia wengine. Nia iliyotajwa ilikuwa maendeleo. Lakini nauliza: suruali ilichimba kisima gani? Ilimponya ng'ombe gani? Kilichotazamwa kilikuwa sura ya mtu, wala si hali ya maisha yake. Aliyevaa shuka alihesabiwa mkosaji, ingawa hakumdhulumu yeyote.

Yamkini utanijibu, "Mbona sisi wanafunzi twavaa sare?" Swali ni jema. Sare humsitiri mtoto wa maskini asidharauliwe darasani, na jioni huvuliwa. Haimwambii kwamba vazi la baba yake ni aibu. Amri ile ilimwambia hivyo hasa.

Wengine watasema, "Vidole havilingani, mwacheni kila mtu na lake." Hao nao siwaungi mkono. Mwenye shibe hupenda methali hiyo kwa kuwa humwokoa na maswali ya mwenye njaa. Nipingacho si usawa, bali kipimo kibovu cha usawa.

Tazama nyanda za Kajiado. Mvua yaweza kunyesha Isinya, ikaiacha Kitengela kavu. Wape wafugaji wawili eka sawasawa, kila mmoja ajenge ua wake: ukame ukija, huyu ana majani na yule ana vumbi. Kipimo ni kimoja, hali ni mbili. Usawa wa wazee ulikuwa katika ruhusa ya kuhama na mifugo kufuata malisho. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela igawanywe mwaka 1988, nyua zimezidi kuifunga njia hiyo, kwa ng'ombe na kwa wanyama wa porini pia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelielewa jambo hili. Ibara ya 27 yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na hapo hapo yaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani. Ibara ya 44 yampa kila mtu haki ya lugha yake na utamaduni wake. Kuinua na kufananisha ni mambo mawili mbalimbali.

Basi, kijana, kesho utakuwa mpiga kura, na huenda ukawa mtunga sheria. Atakapokujia mtu na neno tamu la usawa, usimpigie makofi upesi. Muulize kwanza: ni nani atakayeinuliwa, na kwa kitu gani? Akikujibu kwa kukuonyesha watu waliovishwa nguo moja, mkatalie.