Filamu ya Vita Isiyo na Mpagazi ni Uongo

Filamu ya The Ghazi Attack ilipotoka Februari 2017, wahakiki wa India hawakuionea haya. Inahusu Ghazi, nyambizi ya Pakistan iliyozama karibu na bandari ya Visakhapatnam Desemba 1971 na kuondoka na mabaharia wake wote. Wengi waliisifia, na sifa ilistahili: mwongozaji Sankalp Reddy, aliyekuwa na filamu yake ya kwanza mkononi, aliwafungia watazamaji ndani ya chuma chini ya bahari mpaka pumzi zikawabana. Lakini walioisifia ndio haohao walioikalia kooni. Kwa nini ushindi wapewe mabaharia wa nyambizi, wakati jeshi la majini la India lenyewe linasema ni manowari Rajput iliyoimaliza Ghazi, na Pakistan inasema hakuna aliyeipiga? Kwa nini uzalendo umiminwe hadi ufurike? Na yule mkimbizi aliyeokolewa baharini, aliyeigizwa na Taapsee Pannu, kwa nini hakupewa kazi yoyote ya maana? Baadaye filamu ilitwaa Tuzo ya Taifa ya filamu bora ya Kitelugu. Tuzo haikufuta swali hata moja.

Nauliza: sisi Watanzania tumewahi kuihoji hivyo filamu gani ya vita? Maana tunayo, na inajulikana dunia nzima. The African Queen ya John Huston, iliyotoka 1951, inasimulia Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ndiyo Tanganyika yetu. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo. Zaidi ya miaka 70 inasifiwa, na sisi tunaoishi kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji tumekaa kimya kama kwamba habari hizo hazituhusu.

Itazameni kwa makini. Inaanza kanisani: wanakijiji wanaimba ovyo, sauti zinagongana, kinanda cha mmisionari kinazidiwa, na mtazamaji anaalikwa acheke. Kisha wanajeshi wa Kijerumani wanafika, wanachoma nyumba na kuwaswaga watu. Wanapelekwa wapi? Filamu haina habari nao tena. Uchungu wote unahamia kwa mmisionari na dada yake. Kijiji kizima kimeteketezwa ili dada huyo na Mzungu mwenye mashua wapate sababu ya kusafiri pamoja na kupendana! Huo ndio unaoitwa usanii mkubwa.

Na mwisho wake? Meli ya Wajerumani inalipuliwa kwa torpedo za kienyeji. Meli ya kweli ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Hakuna shujaa aliyeilipua. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliipaka mitambo yake grisi, wakaizamisha isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria wetu kwa miongo mingi.

Baada ya ziwa, vita vikafika Tabora, makao ya serikali ya Wajerumani wakati huo wa vita. Hapa karakana ya reli ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo hadi leo wakusanyaji wa ng'ambo wanazigombania. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliuzingira mji, na tarehe 19 ukaanguka. Jenerali wao Tombeur akaja kuongezewa jina la Tabora kwenye ubaroni wake. Walioumizana huku walikuwa Waafrika dhidi ya Waafrika: askari wa Mjerumani upande huu, askari wa Mbelgiji upande ule.

Na nyuma ya kila askari kulikuwa na watu wa kumbebea. Njia yetu ya misafara ilijengwa kwa mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi waliopeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga. Ile ilikuwa kazi ya ujira, tena ya watu wenye sifa zao. Vita viliwageuza watu wa nchi nzima kuwa wanyama wa mizigo. Walikamatwa vijijini, wakatwishwa risasi na unga ambao wenyewe hawakushiba. Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa walikaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa. Hivyo ndivyo vita vyenyewe vilivyokuwa. Filamu inayomficha mpagazi imewadanganya watazamaji, hata kama picha zake zinapendeza.

Nitaambiwa filamu ni burudani. Sawa, lakini burudani hiyo ndiyo inayomfundisha mtoto nani shujaa na nani wa kupita tu. Kwenye vibanda umiza vyetu vijana wanawajua staringi na adui wa kila picha la vita la Kihindi na Kimarekani. Huwezi kuwalaumu kwa kutojua kwamba barabara wanayoipita ilikuwa uwanja wa vita, kwani hakuna aliyewaonyesha.

Nitaambiwa pia hatuna fedha za kutengeneza filamu ya vita. Kuhakiki kunataka fedha gani? Kurasa zetu za burudani zina nafasi ya nani kaachana na nani, nani kanunua gari gani. Zikoseje nafasi ya kuuliza kama filamu imesema kweli? Mwongozaji Amil Shivji alipoleta filamu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021 alithibitisha kuwa historia yetu inaweza kusimama kwenye majukwaa ya dunia. Watengenezaji wanaweza. Wahakiki ndio tumelala.

Tuamke. Tuanze na The African Queen, kisha kila filamu ya vita itakayokanyaga ardhi hii, iwe ya mgeni au ya kwetu. Swali la kwanza liwe moja: nani alibeba mizigo, na yuko wapi? Filamu isiyoweza kulijibu isipewe sifa zetu, hata ikija na tuzo kumi.