Viatu vya Shangazi

Jamaa zangu, safari hii nakuandikieni habari ya maktaba, na mwanzo wake ni yale maneno yaliyotugawa. Mnayajua: kwamba Babu aliikimbia Unguja usiku wa Mapinduzi, Januari 1964, akamwacha kaka yake nyuma. Wenzetu wa Maskati wameyashika, sisi wa Dubai tumeyanyamazia, na harusi ngapi tumezikosa kwa sababu hiyo. Pasi ya Babu ilipotea zamani.

Shangazi peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa mtoto wa miaka sita walipopanda jahazi, na siku zote husema, "Tulisafiri demani, baada ya kufa Sultani." Hujibiwa kuwa Sultani hakufa, alipinduliwa, na mtoto hajui kitu.

Nikamchukua asubuhi moja mpaka gati la Deira, yanapofungwa majahazi, nikamwuliza anakumbuka nini. Ya Sultani hakuyagusa. Akasema, "Tulishukia huku. Kwenda ng'ambo ile tulivuka kwa abra, daraja hakuna. Lilipofunguliwa Baba alinipeleka kulitazama, na viatu vipya vikanibana."

Viatu hivyo ndivyo vilivyonipeleka Maktaba ya Al Ras, karibu na hapo. Ndiyo maktaba ya umma ya kwanza ya Dubai, ilifunguliwa 1963. Nilidhani mtafuta nasaba huingia maktaba kutafuta jina la babu yake. La Babu halimo, na sijui kwa nini nilitumai limo. Mtu aliyekuja na mtoto na sanduku moja nani atamwandika? Basi nikamwomba mkutubi vitabu vya historia ya mji, nikatafuta daraja badala ya Babu. Nikalipata: Daraja la Al Maktoum, la kwanza kuvuka hori hili, lilifunguliwa 1963.

Kisha vitabu vya Zanzibar. Sayyid Khalifa bin Haroub alikufa Oktoba 1960, na mwanawe Sayyid Abdullah Julai 1963. Aliyepinduliwa ni Sayyid Jamshid, wa baada yao. Kama Shangazi amkusudia Khalifa, basi walisafiri demani ya 1961, muda mfupi baada ya fujo za uchaguzi wa Juni zilizoua watu 68, na sababu ya kuondoka sina haja ya kuieleza. Kama ni Abdullah, ni 1963. Vyovyote iwavyo, daraja lilipofunguliwa Babu alikuwa Dubai, kamshika binti yake mkono. Mapinduzi yalimkuta huku.

Kwa hiyo mkikaa na wazee msiwaulize mwaka. Waulizeni pepo zilikuwa kusi au kaskazi, nani alikufa, nini kilikuwa kikijengwa, kisha nendeni na hayo maktaba. Na mkitoa kopi, toeni na ukurasa wenye jina la kitabu. Jamaa zetu ni wagumu kuamini.

Nilizipeleka Maskati. Baada ya wiki mbili binamu yetu mkubwa akapiga simu. Hakubisha tarehe. Aliuliza, "Kama alikuwa huko tangu mapema, mbona hakumwita kaka yake?"

Nikamfikishia Shangazi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema hilo atamjibu mwenyewe, uso kwa uso. Tunakwenda Maskati baada ya Idi.