Mmarekani Akihamia Nairobi, Faida ni ya Nani?

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo naweka programu kando, ingawa kisa chenyewe kimeanzia kazini.

Kuna Mmarekani mmoja ninayeandika naye programu. Kampuni ni moja, ila kila mtu hufanyia kazi kwake. Ni mtu mweusi, na anasema amechoka kufuatwa na mabawabu kila aingiapo dukani. Wiki jana aliniuliza: "Nikihamia Nairobi, faida ni zipi na hasara ni zipi?"

Tuanze na faida. Atalipwa dola na kutumia shilingi. Kwa M-Pesa, iliyoanza 2007, atalipa mama mboga na mwenye nyumba bila kushika noti. Intaneti si ile ya setilaiti tena. Kebo za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Tangu Oktoba 2024 kuna pia kibali cha daraja N, kwa wageni wanaofanya kazi za waajiri wa nje wakiwa hapa. Tena si yeye peke yake anayewaza kuhama. Ghana iliwaita ndugu hawa mwaka 2019, na Novemba 2024 ikawapa uraia watu 524.

Hasara nazo zipo. Mei 2024 kebo mbili zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa mtandaoni. Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Mkutano wa saa tisa alasiri New York ni saa nne usiku hapa, na wakati wao wa baridi ni saa tano. Marekani humdai raia wake hesabu za kodi popote alipo. Ardhi hatamiliki milele: Katiba ya 2010 inampa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99. Na asishangae akiitwa mzungu na ngozi yake nyeusi vilevile. Watu husikia lafudhi kwanza.

Lakini mizani ina vitanga viwili, na hapo juu nimepima kimoja tu.

Mimi na yeye tunafanya kazi ile ile. Hitilafu zangu huzirekebisha yeye, zake huzirekebisha mimi. Mshahara wake ni mara kadhaa ya wangu. Nilipouliza sababu, niliambiwa kampuni hulipa kulingana na mahali mtu anapoishi, na maisha ya Nairobi ni rahisi. Sawa, nikanyamaza. Sasa nikamuuliza: ukihamia Nairobi, watakupunguzia? Akacheka. Alikuwa ameshawauliza, wakamwambia mshahara utabaki pale pale.

Kumbe si mahali! Ni pasipoti.

Huku kwetu, mwenye nyumba akishajua kuna mpangaji wa dola, hatangoji wa shilingi. Katika jengo ninalokaa, nyumba mbili zimegeuzwa za kukodishwa kwa usiku, na kodi ya sisi wengine imepanda.

Historia nayo ina funzo. Weusi waliotoka Marekani walianza kuhamia Liberia miaka ya 1820, wakikimbia dharau. Mwaka 1847 wakatangaza uhuru, kisha wao na uzao wao wakawatawala wenyeji hadi mapinduzi ya 1980. Mtu anaweza kukimbia ubwana kwao na kuja kuwa bwana kwingine, bila hata kukusudia.

Je, nimwambie asije? La. Hapa ni kwao pia, na simlaumu kwa mshahara ambao hakuupanga yeye. Jibu nililompa ni hili: njoo ndugu, chai ipo. Ila kabla hujakata tiketi, tuiandikie kampuni barua moja yenye majina mawili. Tuwaulize watu wawili wa mji mmoja na kazi moja watalipwaje.

Hajajibu bado. Nitawajulisha.