Kabla ulaumu chipu, shika mita

Bodi uliyoilehemu kwa mkono ikikataa kuwaka, wengi husema jambo moja tu: "Chipu imeungua." Imeungua aje na hujapima kitu? Kesho yake mtu yuko Luthuli Avenue ananunua nyingine, anaipachika kwenye bodi ile ile yenye shoti ile ile. Sasa hiyo ndiyo itaungua kweli.

Mimi nasema chipu ishukiwe mwisho. Chukua ATmega328P ya miguu 28, ile ya Arduino Uno R3. Kabla ya kuweka stima, weka mita kwenye mlio, gusa pozitivu na graundi. Mlio mfupi ni kapasita inajaa, achana nao. Ikilia bila kukoma, kuna tone la lehemu limeunganisha njia mbili, na hakuna programu itakuokoa hapo.

Ukiweka stima, pima kwenye mguu wa chipu wenyewe, si kwenye waya unaoleta stima. Kama unatumia volti 5, mguu wa 7 na wa 20 yote isome karibu 5. Mguu wa 1, wa riseti, pia uwe juu. Ukisoma sifuri hapo, chipu imeshikiliwa na haitaamka hata uibembeleze vipi.

Na lehemu hudanganya, bana! Inang'aa vizuri, kumbe imekaa juu kama tone la maji kwenye jani la nduma, haijashika. Pasha moto mguu na bodi pamoja, ongeza lehemu kidogo, pima tena.

Halafu kuna hii: chipu mpya kutoka kiwandani hutumia saa yake ya ndani, MHz 1. Programu ya MHz 16 itatembea polepole mara 16, kwa hivyo taa ya kubadilika kila sekunde inabadilika kila sekunde 16. Msee anatazama sekunde tano, anasema imekufa, anaing'oa. Chipu mzima kabisa!

Pesa inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni mwanafunzi anayeacha mradi akiamini elektroniki si yake. Video nyingi zinamwonyesha taa ikiwaka tu. Ile saa nzima ya kupima imekatwa.

Kwa hivyo ukinitumia picha ya bodi iliyokataa, nitakuuliza kwanza mguu wa 7 unasoma ngapi.