Miaka Tisa Kando ya Ziwa

Ndugu msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotoka kwenda kuitazama nchi unayoishi, wala si kwa safari ya kazi au msiba? Nakuuliza hivyo kwa sababu ya rafiki yangu mmoja, karani, aliyepata barua ya uhamisho baada ya kukaa Singida miaka tisa. Mwanawe wa darasa la nne alimwuliza, "Baba, huko tuendako tukiulizwa Singida kuna nini, tuseme nini?" Baba akakosa jibu.

Jumamosi tukatoka watatu alfajiri, na viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni. Mama mtoto alibaki akifungasha mizigo, jambo ambalo, nakiri, halikuwa la haki.

Tulianza na Ziwa Kindai, kisha Singidani. Yote mawili yako ukingoni mwa mji, na majabali ya matale yamebebana kando yake kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Mtoto akaonja maji, akatema: chumvi! Tukamweleza kwamba maziwa haya hayana mto wa kuyatoa maji yake kwenda baharini. Jua huyanyonya maji, chumvi ikabaki. Katika maji ya namna hiyo huota vimelea vidogo mno vya majini, ambavyo ndivyo chakula cha heroe, na ndivyo vinavyowapa ndege hao rangi yao ya waridi. Kundi moja lilikuwa likijilisha, vichwa chini juu. Tulikaa pale kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia.

Kisha tukapanda basi la kuelekea Nzega hadi mlima Sekenke, ambako nchi huporomoka ghafla na mbuga ya Wembere ikatandaa chini yako. Hapo mtoto alisikia habari iliyompendeza kuliko zote. Sekenke palichimbwa dhahabu tangu enzi ya Wajerumani. Mwaka 1916, vitani, Waingereza wakiwa wamewafungia njia ya bahari, Wajerumani walikosa fedha kutoka kwao. Wakapiga sarafu zao wenyewe mjini Tabora: rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo.

"Na waliochimba walipewa ngapi?" akauliza mtoto. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza kazini kwangu.

Tulirudi jioni, tumenunua asali chupa moja kwa ajili ya mama. Garini rafiki yangu alinyamaza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, miaka tisa nimekuwa nikihesabu tarehe za mshahara tu. Nilikuwa nikipita kando ya ziwa lile kila siku."

Mtoto, tuliyemdhani amelala, akainua kichwa.

"Baba, na huko tuendako kuna ziwa?"

"Sijui, mwanangu. Jumamosi ya kwanza tutakwenda kutafuta. Na mama yako."